Mavazi ya Binti Aendaye Kazini

Mama mmoja wa hapa Kihurio alitujia na neno lililomsumbua. Binti yake amepata kazi ya ukarani mjini Same, naye ataka ashonewe magauni mawili mapya na kununuliwa viatu. Mama akauliza, "Mchungaji, je, hayo si majivuno?"

Tulitaka kumjibu upesi kwamba Mungu hutazama moyo. Lakini tukakumbuka ya kuwa sisi wenyewe hatupandi mimbarani na shati lililochanika. Kila kazi ina vazi lake. Mkulima wa mpunga hukunja nguo hata magotini aingiapo majarubani, wala hakuna amwitaye mtovu wa adabu, kwa kuwa maji yamwamuru hivyo. Sweta limfaalo mwalimu wa Mbaga mlimani ni adhabu kwa mwalimu wa Kihurio penye joto. Basi vazi la kazi ni chombo, mfano wa jembe. Lafaa likimwezesha mtu kutenda kazi yake pasipo kuuwazia mwili wake saa zote. Huo ndio ujasiri wa kweli: binti ajisahau, apate kuwakumbuka waliokuja kuhudumiwa.

Majivuno huingia kwa mlango mwingine, yaani pale nguo inunuliwapo kwa deni ili jirani aione. Wazee walinena, cha kuazima hakistiri maungo. Magauni mawili safi, yaliyolipiwa, yapita kumi yanayodaiwa.

Lakini liko swali la pili, nalo latuhusu sisi tutazamao. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na tangu tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku katika Dar es Salaam. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda heshima ya taifa. Hata hivyo wanawake waliokuwa wakienda zao walisumbuliwa barabarani. Tena tarehe 1 Juni 2021, Bungeni Dodoma, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliamriwa na Spika Job Ndugai atoke ukumbini akabadili mavazi, baada ya mbunge mwenzake mwanamume kuilalamikia suruali yake.

Hatukatai kwamba kila nyumba ina kanuni zake, na mwenye kuingia yampasa kuzishika. Lakini twauliza: mbona mwanamume aingiapo ofisini hupimwa kwanza kwa maneno yake, na mwanamke kwa mshono wake? Mwuzaji wa mchele mwenye mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, twamwita mwizi. Na sisi tuwapimao binti zetu kwa mizani tusiyowapimia wana wetu, tujiiteje? Kipimo kisicho sawa ni udhalimu, hata kikiitwa adabu.

Kwa hiyo tulimjibu yule mama, "Mshonee, kwa kadiri ya mfuko wako. Mfundishe kuchagua nguo iifaayo kazi na watu atakaowahudumia, kisha asiwaze tena habari yake."

Nasi wengine tuna wajibu wetu. Siku atakaporudi nyumbani kwa mara ya kwanza, tusianze kumtazama tangu kichwani hata miguuni. Tumwulize kwanza habari za kazi yake.