Nyonga na Mwanga Unaoipima

Alfajiri watu wa Buzebazeba wanapoelekea msikitini, shambani au mwaloni, ni nani anayeikumbuka nyonga yake? Anarukuu na kusujudu, anachuchumaa kuwasha moto, anavuka ukingo wa mtumbwi, na kiungo kinatii bila kunung'unika. Kumbe katika kila hatua kinabeba mzigo unaokaribia mara tatu ya uzito wa mwili, na kwa mwaka mguu mmoja hupiga hatua zipatazo milioni. Kinachoukinga mfupa usisagane na mwenzake ni gegedu la milimita chache tu, lisilo na hata mshipa mmoja wa damu. Hulishwa na ute: ukikanyaga, ute hukamuliwa, ukiinua mguu, hunyonywa tena. Mwendo wenyewe ndio mlo wake. Ametukuka aliyepanga hivyo!

Ukubwa wa neema hii huonekana pale binadamu anapojaribu kuiiga. Nyonga huvunjika kwa ajali au uzee, na ugonjwa wa selimundu huweza kuukatia damu mfupa wa paja hadi kichwa chake kikafa. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, madaktari wetu hupandikiza nyonga bandia: mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe cha plastiki.

Daktari Mwingereza John Charnley, alipokuwa akiibuni nyonga ya namna hii, alianza kwa vikombe vya plastiki ya Teflon. Viliteleza vizuri, lakini vikalika ndani ya miaka michache, ikabidi wagonjwa wapasuliwe tena. Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, polietilini. Kikombe cha plastiki hakionekani vizuri kwenye eksirei, hivyo kikawekewa waya mwembamba wa kukitambulisha, ili kulika kwake kupimwe bila kumfungua mgonjwa.

Tuiinue picha hiyo dirishani tuitazame. Mpira wa chuma ni mweupe kabisa, maana chuma huzuia mionzi. Waya nao ni mweupe. Kati ya mpira na waya pana utepe wa giza, na utepe huo ndio plastiki yenyewe. Picha hukuza vitu kidogo, lakini kipenyo halisi cha mpira kinajulikana, tuseme milimita 28, basi huo huo ndio rula. Mtaalamu huiweka picha ya miaka ya baadaye kando ya ile iliyopigwa mara baada ya upasuaji. Mpira umezama: utepe umepungua juu, umeongezeka chini. Tofauti hiyo, ikigawanywa kwa miaka, ndiyo kasi ya kulika. Kwa plastiki ya zamani ilikuwa wastani wa milimita 0.1 kwa mwaka, unene wa karatasi moja ya daftari.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Vumbi la plastiki humezwa na chembe za kinga zisizoweza kuliyeyusha, na katika mapambano hayo mfupa wa jirani huliwa polepole, nyonga ikalegea. Mara nyingi maumivu hubisha hodi mfupa ukiwa umeshaliwa. Picha huona kabla.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vikombe vingi hutengenezwa kwa polietilini iliyopigwa mionzi kiwandani ili minyororo yake ishikamane, na kulika kumepungua sana. Aghalabu hutumika mionzi ya gama, ndugu wa eksirei. Jamii moja ya mwanga huimarisha, na hiyo hiyo hupima! Wilhelm Röntgen aliigundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895, hakuiumba. Aliikuta imeshawekwa ulimwenguni.

Na bado, kikombe bora kuliko vyote hakiwezi kujirudishia hata punje moja iliyolika, ilhali ndani ya gegedu chembe hai hulitunza kwa miongo mingi, usiku na mchana, bila sisi kujua.

Basi mwenye nyonga aliyozaliwa nayo ashukuru kwa kuitembeza. Mwenye ya bandia naye asingoje maumivu: aihifadhi picha yake ya kwanza, na arudi hospitali kila anapoitwa, hata akijiona mzima, kwa kuwa kulika hupimwa vizuri kwa kulinganisha picha mbili. Mguu ni amana, na elimu ya kuutunza ni amana vilevile. Kuzitunza zote mbili ni sehemu ya ibada.