Shilingi ya Mgonjwa wa Leo

Je, ni haki serikali ichukue shilingi ambayo ingemnunulia mgonjwa dawa leo, iwape vijana wanaounda kifaa ambacho huenda kisifanye kazi kamwe? Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali hapa Embu, na ni mzee wa kanisa. Wiki nzima nafungua mashine. Jumapili nahesabu sadaka. Kote nashika pesa za watu wasio na nyingi.

Nyuma ya wodi nimeona mashine za oksijeni zilizokufa mapema. Ziliundwa kwa ajili ya nchi ambako stima haitetereki. Hapa inapanda na kushuka, bodi inaungua, na kipuri lazima kiagizwe ng'ambo. Vumbi la Mbeere huziba vichujio kabla ya muda ulioandikwa kwenye kitabu. Kijana aliyekulia Siakago, huko huko Mbeere, analijua vumbi hilo, na anaweza kuunda kifaa cha kulistahimili. Lakini kifaa chake kitapitia kamati ya maadili, majaribio, kisha Bodi ya Dawa na Sumu kabla hajauza hata kimoja, na benki haikopeshi mtu wa kungoja hivyo. Ndiyo maana nataka serikali igharimie vituo vya kulea kampuni za vijana kama huyu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi Hazina ya Taifa ya Utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Ahadi hiyo haijatimizwa.

Sista mmoja wa wodi ya watoto wachanga aliniuliza, "Fundi, mimi nataka glavu kesho asubuhi. Hao vijana wako watanipa nini?"

Anadai haki yake na ya wagonjwa wake. Katiba, kifungu cha 43, inawapa. Glavu zinunuliwe. Ila mtoto atakayezaliwa miaka kumi ijayo pia ni jirani yangu, na hana wa kumpangia foleni. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la jadi la Wameru, walitoa ardhi pale Nchiru ili chuo kijengwe, ilhali wangeweza kuigawa mashamba. Wengi wanaosoma leo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Hata hivyo, aliyelelewa kwa kodi ana deni. Mambo ya Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembezoni. Hapo ni pa maskini na mgeni, na hawaombi hisani wakiokota. Basi kampuni iliyobebwa na umma iuzie zahanati za umma kwa bei zinayoimudu, na iachie michoro ya kifaa ili fundi wa Kiritiri aweze kukitengeneza. Kifaa kikishindwa, vijana wasiaibishwe, bali waeleze wazi kilichoshindikana, tusilipie kosa lile lile mara mbili. Na kwenye kamati inayogawa pesa hizo za umma aketi muuguzi wa Mbeere au Tharaka, mwenye kura sawa na ya profesa.