Zawadi Inapogeuka Amana

Kazi ndogo haipimwi kwa udogo wake, bali kwa wingi wa watu walioiegemea. Fundi achongaye kinu kwa matumizi ya nyumba yake hana wa kumjibu ila jamaa zake; lakini akijenga kivuko, hata cha gogo moja, amejitwika maisha ya wapitaji asiowajua. Jambo hili la kale limerudi katika zama zetu kwa sura ya programu ndogo za kompyuta, ambazo mtu huzitunga mwenyewe, kwa fedha chache na usiku mwingi, pasipo kuamriwa wala kulipwa. Basi twauliza: mtu aliyetoa kazi kama hiyo bure, je, anadaiwa chochote na walioipokea?

Na tuchukue mfano wa kubuni katika mahali pa kweli. Uchindile i pembezoni mwa bonde la Kilombero, ambako reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, huiacha Mlimba na kupanda milima kuelekea Makambako. Tuseme kijana wa huko, mwenye kompyuta kuukuu na paneli ya jua, anakitungia chama cha akiba na mikopo cha kijiji programu ya kuhesabu hisa, madeni na riba. Hesabu iliyomchosha mweka hazina siku nzima sasa yaisha kwa dakika chache. Wanachama wafurahi, na baada ya miezi daftari la zamani lafungwa. Kisha kijana apanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Siku kompyuta ikigoma, neno la siri limo kichwani mwake, na hesabu ya akiba ya wajane na wakulima imo katika sanduku lisilofunguka.

Wako watakaosema kwamba kijana hana deni. Alitoa zawadi, na mpokeaji wa zawadi hana haki ya kumshitaki mtoaji. Hoja hii ina nguvu, maana tukimfanya kila mtenda wema kuwa mtumwa wa wema wake, wema utakoma duniani. Walakini haitoshi. Siku programu ilipotolewa ilikuwa zawadi, kwa kuwa daftari lilikuwapo bado. Siku daftari lilipofungwa, naye akaona akanyamaza, zawadi iligeuka amana. Programu haikubadilika, waliobadilika ni watu, waliokiacha kivuko chao cha zamani kwa kuamini kipya. Deni halizaliwi na kutoa. Huzaliwa na kuwaacha wengine wategemee bila kuwaonya wala kuwafundisha.

Wala si vijijini tu. Mwezi wa Machi mwaka 2016, mtungaji mmoja, kwa mzozo juu ya jina la programu yake nyingine, aliziondoa kazi zake katika ghala la pamoja la npm. Miongoni mwazo ilikuwamo left-pad, yenye mistari 11 tu, ambayo kazi yake ilikuwa kujaza nafasi mwanzoni mwa maneno. Mara programu nyingi za ulimwengu zikashindwa kujengwa, mpaka ile ndogo iliporudishwa baada ya saa chache. Tukimlaumu mtungaji, tusiwasahau walioweka majumba makubwa juu ya nguzo nyembamba pasipo kuuliza nguzo ni ya nani. Amana ina pande mbili, na mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, kijana wetu asisafiri? La. Amana haimfungi mtu mahali. Yamtaka aache mlango wazi. Aandike maelekezo kwa lugha ya wenyeji, aweke nakala ya hesabu pengine, neno la siri alikabidhi kwa viongozi wawili wa chama, na mmoja wao amfundishe. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipotangaza mfumo wake mwaka 1991, alisema ni burudani tu. Lakini aliyaacha maandishi yake wazi, na wengine wakaibeba Linux kuliko ambavyo mtu mmoja angeweza. Kwa uwazi wa namna hiyo hiyo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, juu ya kazi iliyoanzwa na wageni.

Na wanachama nao wana wajibu: wasilifunge daftari kabla mmoja wao hajajua kuifungua kompyuta. Ukarimu wa mtungaji huonekana siku anapotoa. Uaminifu wake hujulikana siku asipokuwapo, kazi ikaendelea.