Zawadi Haidaiwi

Chukulia mwanamke wa Mpwapwa mwenye mimba ya wiki 18 na watoto wawili nyumbani. Kwenye utrasaundi daktari anamwona mtoto mzima, na pembeni yake uvimbe kwenye ovari. Uvimbe mwingi wa aina hii wakati wa ujauzito si saratani. Wake, tuseme, ni saratani. Kabla hajapelekwa Dodoma mjini, au Ocean Road kule Dar es Salaam, kikao cha ukoo kimeshakaa na swali limeshatoka: aokolewe mama au mtoto?

Mara nyingi swali hilo lenyewe lina kasoro. Ovari yenye uvimbe huweza kuondolewa mimba ikiendelea, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Dawa za saratani za dripu huepukwa katika miezi hiyo, viungo vya mtoto vinapojengeka. Baadaye baadhi yake huweza kutolewa, zikasimamishwa wiki chache kabla ya kujifungua. Mwaka 2015 Frédéric Amant wa Ubelgiji na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani wakiwa wajawazito. Kiakili na kimoyo watoto hao hawakuwa nyuma ya wenzao. Waliorudi nyuma kiakili ni hasa waliozaliwa kabla ya wakati.

Lakini wapo ambao swali huwakuta kweli: saratani imesambaa, mimba ina wiki nane, na kusubiri ni hatari. Hapo huwa tunasema mama wa kweli hujitoa. Wakatoliki watamtaja Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyekuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, si saratani. Alikataa upasuaji ambao ungeiondoa mimba. Alifariki mwaka 1962, wiki moja baada ya kujifungua, na mwaka 2004 akatangazwa mtakatifu. Nauheshimu uamuzi wake. Ila ulikuwa wake kwa sababu aliijua njia zote, akazipima, akasema mwenyewe.

Mwanamke wetu wa Mpwapwa ana lipi kati ya hayo? Majibu amepewa mume. Mama mkwe ameshasema wajukuu ni baraka. Yeye akinyamaza, ukimya wake unaitwa upendo. Zawadi haidaiwi, ikidaiwa imekuwa kodi. Anayekufa bila kuambiwa kwamba kulikuwa na njia nyingine hajajitoa, ametolewa.

Mtu atasema kwetu uamuzi ni wa familia. Ni kweli kwamba mjomba aliyeuza ng'ombe kulipia matibabu, na bibi atakayebaki kulea, wana haki ya kusikilizwa. Lakini kusikilizwa ni jambo moja na kuamua ni jingine, na atakayepasuliwa ni mmoja.

Kwa hiyo nadhani wajibu wa kwanza wa daktari ni mdogo, tena mgumu: kuwaomba ndugu watoke nje kwa dakika kumi, amweleze mama kila njia kwa lugha anayoielewa, hata kama ni Kigogo, kisha amuulize. Akisema tumsubiri mtoto, hiyo ni zawadi, na tuipokee kwa heshima. Akisema nitibuni sasa, asiitwe mama mbaya. Wale wawili nyumbani nao ni watoto wake.