Mama, Punguza Mzigo

Mama unayepanda mlima kwenda soko la Keroka na mkungu wa ndizi kichwani, nawe unayechuma chai Nyamira, kikapu mgongoni. Ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, huenda kizazi kimelegea. Si laana, wala si aibu. Kuzaa mara nyingi, mizigo mizito na kusukuma kwa nguvu chooni huchangia. Gawa mzigo. Unapoinua, kunja magoti na utoe pumzi, usiibane. Mboga ya chinsaga, ugali wa wimbi na maji ya kutosha hulainisha choo. Maharagwe nayo husaidia; yakikujaza gesi, yaloweke usiku kucha, kisha umwage maji yale. Nanyi waume, bebeni ndizi hizo. Mama, usinyamaze: nenda hospitalini ukapimwe, tiba ipo.