Paradiso, nikaandika

Wikendi moja kazi ilitupeleka Naivasha, kwenye hoteli ya mlimani yenye uwanja wa gofu unaoangalia ziwa. Mezani kulikuwa na mvinyo wa zabibu za hukohuko Naivasha (ndiyo, tunazo). Nikapiga picha, nikaposti. Halafu nikamkumbuka shangazi.

Shangazi alikuwa amepanga Kihoto. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda, maji yalifika hadi kitandani kwake. Ni ziwa lilelile. Mito Malewa na Gilgil humwaga maji humo, na hakuna mto unaoyatoa. Likijaa, linapanuka tu, na wa kwanza kuloa ni waliopanga chini kwa sababu kodi ni rahisi.

Sasa, nilikosea kufurahia? Beshte yangu anasema nisijipe stresi, uzuri hauna hatia. Nakubali, nusu. Kukataa ile glasi kusingekausha hata godoro moja. Lakini kampuni ilitulipia tuyaone maji yakiwa mbali, na mimi umbali huo nikauita paradiso mbele ya watu wote. Hilo neno ndilo linanisumbua.

Wa kwanza kulaiki alikuwa shangazi.