Siku Isiyo na Hesabu

Kila jioni, saa mbili, simu yangu hulia: shilingi 10,000 zimeingia. Ni hesabu ya pikipiki. Mimi naishi Kibaha. Pikipiki iko Kisarawe, kwa kijana anayepeleka vifurushi na chakula majumbani. Tumeandikishana mkataba: akilipa kila siku kwa miezi 14, chombo ni chake. Mafuta juu yake, matengenezo juu yake. Ajali hatukuitaja.

Niliwaambia marafiki zangu kwa majivuno, "Huyu si mfanyakazi wangu. Amejiajiri."

Masika yalipoanza, simu ilinyamaza siku nne. Siku ya tano nikampigia. Naona aibu kukumbuka swali langu la kwanza: "Pikipiki ina nini?"

"Shikamoo, bosi. Pikipiki nzima. Mimi ndiye nimevunjika mkono."

Bosi. Neno nililolikwepa kwenye mkataba, yeye alikuwa nalo mdomoni siku zote.

Bima ndogo ya pikipiki humlipa aliyegongwa, si dereva aliyeteleza peke yake kwenye tope. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humfidia aliyeumia kazini, lakini sharti kwanza awe mwajiriwa wa mtu. Nikasoma Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kifungu cha 61 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kipo hata kigezo kimoja kati ya kadhaa: mathalani, anamtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi, au amepewa naye vitendea kazi.

Mwanasheria angeweza kunitetea: kijana anawafanyia kazi wateja, mimi nimekodisha chombo tu. Pengine ningeshinda. Lakini kushinda kesi hakungenifanya niwe nimemtendea haki.

Tunasema aliyejiajiri yuko huru kwa sababu hana wa kumwamrisha. Nadhani tunapima vibaya. Uhuru wa mtu upimwe kwa kinachompata siku asiyoweza kufanya kazi. Yeye alilala na mkono kwenye plasta, na deni langu likaendelea kukua.

Nimefuta hesabu za wiki sita. Mke wangu ameuliza ada ya mtoto itatoka wapi, na sina jibu. Mkataba tumeuandika upya, tukaongeza mstari mmoja: siku ya ugonjwa haina hesabu.

Bado ananiita bosi. Siku hizi naitika.